Kuandika data kwenye faili la CSV kwa PHP: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayetumia PHP kuchukua data kutoka kwenye kanzidata, fomu au arei na kuiweka kwenye faili la CSV, yaani la data iliyotenganishwa kwa koma, ambalo mtu mwingine atalifungua. Huyo mtu mwingine nitamtaja sana. Faili la CSV halibebi aina za data wala maelezo ya namna lilivyoandikwa. Ni maandishi matupu, na lolote usiloliamua wewe unapoandika, programu ya msomaji italikisia.

CSV ina kanuni rasmi?

Ina, ingawa zilichelewa. Watu walikuwa wakitenganisha data kwa koma miaka mingi kabla ya yeyote kuketi na kuandika kanuni. Waraka unaotajwa na wengi, RFC 4180, ulitoka Oktoba 2005, nao haumlazimishi mtu. Unaeleza tu yale ambayo programu nyingi zilikuwa zimekwisha kuyazoea. Kila rekodi ikae kwenye mstari wake, na mstari uishie kwa herufi mbili zisizoonekana za kumaliza mstari, CR na LF. Sehemu yenye koma, alama ya kunukuu au mstari mpya ndani yake izungushiwe alama za kunukuu. Alama ya kunukuu iliyo ndani ya sehemu iandikwe mara mbili.

Shika hiyo ya mwisho, maana PHP yenyewe huivunja usipoiangalia.

Nianze na msimbo gani?

```php
$faili = fopen('wanachama.csv', 'w');
if ($faili === false) {
    exit('Faili halikufunguka.');
}

fputcsv($faili, ['Namba', 'Jina', 'Maelezo'], ',', '"', '');

foreach ($wanachama as $m) {
    fputcsv($faili, [$m['namba'], $m['jina'], $m['maelezo']], ',', '"', '');
}

fclose($faili);
```

`fputcsv` imekuwemo tangu PHP 5.1. Unaipa faili lililofunguliwa na arei moja, nayo inaandika mstari mmoja. Ikifaulu inarudisha idadi ya baiti ilizoandika, ikishindwa inarudisha `false`. Herufi `'w'` kwenye `fopen` inafuta chochote kilichokuwa ndani ya faili. Kama hutaki kabisa kugusa faili lililopo, tumia `'x'`, ambayo inagoma faili likiwa tayari lipo.

Utaona nimetaja sehemu moja moja badala ya kutupa `$m` nzima. `fputcsv` haisomi majina ya funguo. Inafuata mpangilio wa arei jinsi ulivyo. Rekodi moja ikija na jina kabla ya namba, au ikikosa ufunguo mmoja katikati, data itaingia safu isiyo yake na hutapata onyo lolote. Ukizitaja sehemu kwa mkono, safu zako zinakuwa uamuzi wako, na safu mpya ikiongezwa kwenye kanzidata mwakani haitajipenyeza kwenye faili la watu.

Kwa nini nisiunganishe tu kwa `implode(',', $mstari)`?

Kwa sababu siku moja data itakuja na koma. Niliwahi kutoa orodha ya anwani kwa njia hiyo, ikafanya kazi vizuri majuma kadhaa, hadi mtu mmoja alipoandika anwani yenye koma mbili. Mstari wake ukawa na safu mbili za ziada, namba zake zikahamia mahali pa tarehe, na aliyelipokea faili akazitumia hivyo hivyo. Hakuna kilicholia wala kilichosimama, na ndiyo sababu kosa hili ni baya: faili linafunguka, linaonekana zima, na ndani limeharibika.

Kuongeza alama za kunukuu kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa data itakuja na alama hizo pia. Na sanduku la maoni kwenye fomu linaruhusu mstari mpya. `fputcsv` inayajua yote matatu.

Mbona sehemu nyingine zimezungushiwa alama za kunukuu na nyingine hazijazungushiwa?

`fputcsv` huzungushia pale tu inapoona haja: sehemu ikiwa na kitenganishi, alama ya kunukuu, mstari mpya, kichupo au nafasi. Kwa hiyo `Juma` itabaki `Juma`, na `Juma Ali` itakuwa `"Juma Ali"`. Zote mbili ni sahihi na msomaji yeyote timamu atazielewa. Hakuna kigezo cha kuilazimisha izungushie kila kitu.

Kile kigezo cha tano, `''`, ni cha nini?

Laiti kila mafunzo ya PHP yangeanza na jibu la swali hili.

Vigezo vya `fputcsv` ni faili, arei, kitenganishi, alama ya kunukuu, kisha herufi ya kukwepa. Usipoitaja hiyo ya tano, PHP huchukua mkwaju wa nyuma, `\`. Herufi hiyo haimo kabisa kwenye RFC 4180. Ni jambo la PHP peke yake. Kazi yake ni kuizuia PHP isirudufu alama ya kunukuu inayoufuata mkwaju huo. Tuseme sehemu yako ina maandishi haya:

```
ab\"cd
```

Kwa kawaida ya zamani PHP itaandika `"ab\"cd"`. Programu nyingine yoyote inayofuata kanuni itaona sehemu imefungwa baada ya `\`, kisha itakutana na `cd"` isiyojua iifanyeje. Ukiweka `''`, PHP itaandika `"ab\""cd"`, na kila msomaji ataielewa.

Kuna upande wa pili. Chukua sehemu inayoishia kwa mkwaju, mfano njia ya folda ya Windows yenye nafasi ndani yake: `C:\data mpya\`. PHP inaandika `"C:\data mpya\"`. Programu nyingine zinaisoma bila shida, ila `fgetcsv` ya PHP yenyewe, ikiwa na kawaida ileile ya zamani, inadhani alama ya mwisho imekwepwa. Hapo inaendelea kumeza sehemu zinazofuata, wakati mwingine hata mistari inayofuata. PHP inashindwa kusoma ilichokiandika yenyewe.

Kuweka `''` kuliruhusiwa kuanzia PHP 7.4. Kuanzia 8.4, iliyotoka Novemba 2024, ukiacha kukitaja kigezo hiki unapata onyo kwamba kuitegemea kawaida ya zamani kumepitwa na wakati. Kama onyo hilo ndilo lililokuleta hapa, usilinyamazishe. Andika `escape: ''` na umalize, upande wa kuandika na upande wa kusoma.

Mstari unaishia kwa nini, LF au CRLF?

PHP inaweka LF peke yake. Wasomaji wengi hawajali. Mfumo unaopokea ukidai CRLF, kuanzia PHP 8.1 kuna kigezo cha sita:

```php
fputcsv($faili, $mstari, escape: '', eol: "\r\n");
```

Nikifungua kwa Excel naona `â€™` badala ya alama niliyoandika. Data imeharibika?

Haijaharibika. Faili lako liko katika UTF-8, namna moja ya kugeuza herufi kuwa baiti, na Excel imelisoma kwa usimbaji mwingine. Katika Kiswahili tunaweza kuandika muda mrefu bila kuliona tatizo hili, kwa sababu herufi zetu zote zimo katika zile za msingi za ASCII. Linajitokeza mtu anapobandika maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia, ambayo imeigeuza alama ya ng' kuwa ile iliyopinda, ’. Hiyo iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8, na Excel inazionyesha kama herufi tatu tofauti. Majina ya watu yenye é au ü yanapatwa na hayo hayo.

Dawa ni kuandika baiti tatu za utambulisho mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya mstari wa vichwa:

```php
fwrite($faili, "\xEF\xBB\xBF");
```

Fanya hivyo pale tu msomaji ni mtu mwenye Excel. Faili likienda kwenye programu nyingine, baiti hizo zinaweza kung'ang'ania kwenye jina la safu ya kwanza. Programu inatafuta safu ya `Namba`, inaambiwa haipo, na wewe unaitazama kwa macho yako imekaa pale. Nimeona watu wakipoteza siku nzima hapo. Wasomaji wakiwa wa aina mbili, toa mafaili mawili.

Safu zote zimeingia kwenye safu moja. Kwa nini?

Kompyuta ya msomaji imewekwa kwa mipangilio ya nchi inayotumia koma kama nukta ya desimali, kama Ujerumani au Ufaransa. Huko Excel inatarajia nukta mkato, kwa kuwa koma ina kazi nyingine. Badilisha kitenganishi:

```php
fputcsv($faili, $mstari, ';', '"', '');
```

Wapo wanaoongeza mstari wa kwanza wenye `sep=;`. Excel inauelewa, lakini programu nyingine zinauona kama data. Mimi siutumii.

Sifuri za mwanzo zimepotea, na msimbo wa bidhaa umegeuka tarehe. PHP imekosea wapi?

Fungua faili hilo kwa kihariri cha maandishi. Kama `007` imeandikwa `007`, PHP haina kosa na faili halina kosa. Aliyebadilisha ni Excel, wakati wa kufungua. Kwa kuwa CSV haisemi hii ni namba na hii ni maandishi, Excel hukisia: kinachofanana na namba kinakuwa namba, kinachofanana na tarehe kinakuwa tarehe. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hupoteza za mwisho, zikawa sifuri.

Wanasayansi wa jenetiki wanaijua adha hii. Jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuka tarehe 1 Machi kila faili lilipofunguliwa, na SEPT1 ikawa tarehe 1 Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya. Majina hayo sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Ilionekana ni rahisi zaidi kubadilisha jina la jeni kuliko kubadilisha tabia ya watu na lahajedwali zao.

Kuzungushia alama za kunukuu hakusaidii, kwa sababu Excel huziondoa kwanza ndipo ikisie. Njia ya hakika ni msomaji kuingiza faili kupitia menyu ya data, akaiambia Excel kwamba safu fulani ni maandishi. Wengine huandika `="007"` ndani ya seli. Inafanya kazi kwenye Excel na inamharibia kila mwingine. Kama sifuri ni za lazima na msomaji wako ni mtu wa kubofya mara mbili, usimpe CSV. Mtengenezee faili la XLSX, muundo wa Excel yenyewe unaobeba aina ya kila seli, kwa maktaba kama PhpSpreadsheet.

Upande wa tarehe unaweza kupunguza madhara kwa kuandika `2025-03-04`. Ukiandika `04/03/2025` msomaji mmoja atasoma Machi, mwingine Aprili, na kila mmoja atakuwa na uhakika.

`false` na `null` zinaandikwaje?

Zote mbili zinakuwa sehemu tupu, na `true` inakuwa `1`. Kwa hiyo "hapana" na "haijulikani" zinafanana kwenye faili. Kama tofauti hiyo ina maana kwa data yako, na mara nyingi inayo, zigeuze wewe kabla ya kuandika: `ndiyo`, `hapana`, na tupu kwa isiyojulikana. Arei ndani ya arei itaandikwa neno `Array` pamoja na onyo. Igeuze kwanza iwe arei ya ngazi moja.

Namba zenye desimali nazo ziangalie. Kabla ya PHP 8.0, ukiwa umetumia `setlocale` ya nchi ya koma, 3.5 ingeweza kuandikwa `3,5`. Na `number_format(1500)` huweka koma ya maelfu, kwa hiyo msomaji anapata `"1,500"` ambayo programu nyingi huiona ni maandishi. Andika hivi:

```php
number_format($kiasi, 2, '.', '')
```

Nataka mtu abofye kitufe na faili lipakuliwe. Lazima nilihifadhi kwanza kwenye seva?

Si lazima. Andika moja kwa moja kwenye `php://output`:

```php
header('Content-Type: text/csv; charset=UTF-8');
header('Content-Disposition: attachment; filename="ripoti.csv"');

$nje = fopen('php://output', 'w');
foreach ($mistari as $mstari) {
    fputcsv($nje, $mstari, escape: '');
}
fclose($nje);
exit;
```

Makosa mawili yanarudi kila mara. La kwanza ni onyo la "headers already sent", linalomaanisha kitu kimekwisha kutumwa kwa kivinjari kabla ya `header`. Onyo lenyewe linataja faili na namba ya mstari, kwa hiyo lisome badala ya kubahatisha. Mara nyingi ni nafasi tupu kabla ya `<?php`. La pili ni kusahau `exit`: HTML ya ukurasa inajiunga na mkia wa CSV, na mtumiaji anakuta vipande vya menyu ya tovuti chini ya data yake.

Maonyo ya PHP nayo huingia ndani ya faili kama yameruhusiwa kuonyeshwa kwenye skrini. Kwenye seva ya kazi halisi zima `display_errors` na uyaelekeze kwenye logi.

Data ni mistari milioni mbili na PHP inasema kumbukumbu imekwisha.

Kinachojaa kwa kawaida si uandishi, ni usomaji. `fputcsv` inaandika mstari na kuusahau. Tatizo ni `fetchAll()`, inayoleta mistari yote kwa pamoja na kuirundika kwenye arei, huku kikomo cha kawaida cha PHP kikiwa MB 128. Chukua mmoja mmoja:

```php
$pdo->setAttribute(PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY, false);
$ulizo = $pdo->query('SELECT namba, jina, tarehe FROM matokeo');

while ($mstari = $ulizo->fetch(PDO::FETCH_NUM)) {
    fputcsv($faili, $mstari, escape: '');
}
```

Mstari wa kwanza wa msimbo huo una uzito kwa anayetumia MySQL, kwa sababu bila huo PDO, sehemu ya PHP inayozungumza na kanzidata, huyaleta matokeo yote upande wa PHP hata ukiita `fetch` taratibu. Ubaya wake ni kwamba hutaweza kufanya ulizo jingine kwenye muunganisho huohuo hadi hili liishe. Kama unalihitaji, fungua muunganisho wa pili.

Halafu mfikirie msomaji. Karatasi moja ya Excel ina nafasi ya mistari 1,048,576 tu, na muundo wa zamani wa XLS una 65,536. Inayozidi haiingii. Mwaka 2020 nchini Uingereza, shirika la afya ya umma, Public Health England, lilikuwa likipokea matokeo ya vipimo vya korona katika mafaili ya CSV na kuyapakia kwenye muundo huo wa XLS. Karatasi zilijaa, mistari ya ziada ikaachwa, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati. Waliokuwa wamekaribiana nao wakachelewa kutafutwa. CSV zenyewe zilikuwa nzima. Ukijua msomaji atatumia lahajedwali, gawa faili lako kabla ya kikomo.

Nawezaje kuongeza mstari bila kufuta ya zamani, na je, watu wawili wakituma fomu kwa wakati mmoja?

Fungua kwa `'a'`, kisha ufunge kufuli:

```php
$faili = fopen('maombi.csv', 'a');
if (flock($faili, LOCK_EX)) {
    if (fstat($faili)['size'] === 0) {
        fputcsv($faili, ['Tarehe', 'Jina', 'Ujumbe'], escape: '');
    }
    fputcsv($faili, $mstari, escape: '');
    fflush($faili);
    flock($faili, LOCK_UN);
}
fclose($faili);
```

Ukubwa wa faili unakaguliwa ndani ya kufuli, ili wawili wasione faili tupu kwa pamoja na kila mmoja akaandika vichwa vyake.

Kwa faili linaloandikwa upya lote huku wengine wakilisoma, fanya tofauti: andika kwenye faili la muda ndani ya folda ileile, ukimaliza libadilishe jina kwa `rename()`. Msomaji ataona la zamani au jipya, kamwe si nusu.

Niliweke wapi?

Nje ya folda inayofikiwa na umma. Faili la `maombi.csv` lililo kando ya `index.php` linapakuliwa na yeyote anayekisia jina lake, na ndani kuna majina na ujumbe wa watu waliokuamini. `fopen` ikikataa kwa "Permission denied", mpe mtumiaji wa seva ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja. Usikimbilie `777`, inayompa kila mtu ruhusa zote.

Nimeambiwa CSV inaweza kubeba shambulio. Kwa maandishi matupu?

Ndiyo. Seli inayoanza kwa `=`, `+`, `-` au `@` huchukuliwa na lahajedwali kuwa fomula. Mtu anajaza fomu yako, mahali pa jina anaandika fomula inayotuma yaliyomo kwenye seli nyingine hadi seva yake. Wewe unatoa ripoti, mhasibu anaifungua, anabofya. Hukuandika fomula hiyo, ila wewe ndiye uliyemfikishia. Inashauriwa kutanguliza alama ya `'`:

```php
function salimisha($thamani) {
    if (is_string($thamani) && !is_numeric($thamani)
        && preg_match('/^[=+\-@\t\r]/', $thamani)) {
        return "'" . $thamani;
    }
    return $thamani;
}
```

Nimeziachia namba zipite ili `-5` ibaki `-5`. Itumie kwa `array_map('salimisha', $mstari)` kwenye mafaili yanayokwenda kwa watu. Yanayokwenda kwenye mfumo mwingine yaache yalivyo, la sivyo alama hiyo itaingia kwenye data yao na kubaki humo.

Nitajuaje kama faili langu ni sahihi?

Lisome tena. Tengeneza mstari wa majaribio wenye kila kero: koma, alama ya kunukuu, mstari mpya, mkwaju mwishoni, herufi yenye lafudhi, sehemu tupu.

```php
$asili = ['a,b', 'sema "ndiyo"', "juu\nchini", 'C:\data mpya\\', 'é', ''];

$f = fopen('php://memory', 'w+');
fputcsv($f, $asili, escape: '');
rewind($f);
var_dump(fgetcsv($f, escape: '') === $asili);
```

Inapaswa kusema `true`. Ondoa `escape: ''` pande zote mbili ujionee kinachotokea kwa sehemu ya nne. Kisha chukua mstari huohuo, uandike kwenye faili halisi, na umtumie yule atakayelifungua kwa programu yake, kwenye kompyuta yake.